Edward Saidi Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga (1932 – 1972) alikuwa mchoraji wa Tanzania aliyeanzisha mtindo wa uchoraji unaojulikana kwa jina lake, yaani uchoraji wa Tingatinga. Alizaliwa katika wilaya ya Tunduru, ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Ruvuma, na kazi yake ya uchoraji aliifanya jijini Dar es Salaam.

Hakusoma katika chuo chochote cha sanaa. Alichora kwa muda wa miaka minne hivi tu, tangu mnamo mwaka 1968 hadi alipouawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Hata hivyo mtindo wake ulibaki mikononi mwa ndugu na wanafunzi wake, ukaenea Afrika Mashariki na kufika Ulaya, Marekani na Japani. Leo jina lake linajulikana na watu wengi kuliko maisha yake.

Jina

Katika Kiswahili cha kila siku neno tingatinga lina maana ya trekta au mashine kubwa ya kulimia na kusukuma udongo. Jina la mchoraji huyu halikutokana na mashine hiyo wala na picha zake; ni jina la upande wa baba yake, Saidi Tingatinga. Baba alikuwa Mwislamu na mama, Agnes Ntembo, alikuwa Mkristo. Ndiyo sababu mtoto aliitwa kwa majina ya dini zote mbili, Edward na Saidi.

Baada ya kifo chake neno hilo lilipata maana nyingine: mtindo wa uchoraji, na pia picha yoyote iliyochorwa kwa mtindo huo. Kwa hiyo mtu anayesema amenunua Tingatinga kwa kawaida amenunua picha ya mchoraji mwingine, ambaye mara nyingi alizaliwa baada ya Edward Tingatinga kufa.

Utoto Tunduru

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, eneo ambalo sasa linaitwa Nakapanya, upande wa mashariki wa mji wa Tunduru kwenye barabara ya kwenda Masasi. Wilaya ya Tunduru inapakana na Msumbiji upande wa kusini, ambako mto Ruvuma ndio mpaka. Wakazi wa vijiji vyake, kuanzia Nakapanya na Mindu hadi Nalasi iliyo kusini kuelekea mtoni, ni mchanganyiko wa Wayao, Wamakua, Wangindo na wengineo. Katika familia ya Tingatinga pia makabila yalichanganyika: baba alikuwa wa Wangindo na mama wa Wamakua.

Wakati wa ukoloni wa Waingereza eneo hilo lilikuwa katika Jimbo la Kusini. Barabara ya kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi ilikuwa ya udongo, na kazi za mshahara zilikuwa chache. Wazazi wake walikuwa wakulima. Tingatinga alisoma shule ya msingi kwa miaka minne hivi, kisha akarudi kwenye kazi za nyumbani kama vijana wengine wa kijiji.

Tunduru ilikuwa na wanyamapori wengi, na bado wapo. Tembo, simba, chui, nyati, fisi na swala walikuwa sehemu ya maisha ya wanakijiji, ama kwa kuonekana mashambani ama kwa kusimuliwa katika hadithi za jioni. Miaka mingi baadaye wanyama hao ndio waliojaa katika picha zake.

Tanga na Dar es Salaam

Katika miaka ya 1950 Tingatinga aliondoka kwao kwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Safari hiyo ilikuwa ya kawaida kwa wanaume wa Kusini. Mashamba ya Tanga yalitegemea sana vibarua wa mkataba kutoka mikoa ya mbali, waliojulikana kama manamba kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake. Kazi ya kukata mkonge ilikuwa nzito na ujira wake mdogo, na wengi walihamia mjini walipopata nafasi.

Tingatinga alihamia Dar es Salaam karibu na mwisho wa miaka hiyo ya 1950, akisaidiwa na ndugu yake aliyekwisha kutangulia. Alipata kazi ya nyumbani na bustani kwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na maofisa wengi wa Kiingereza wakarudi kwao. Watumishi wao wa nyumbani walilazimika kutafuta riziki kwingine. Tingatinga alifanya vibarua vya aina mbalimbali, na baadaye aliajiriwa katika hospitali ya Muhimbili kama msaidizi wa wodi. Makazi yake yalikuwa Msasani, ambako watu kadhaa kutoka Tunduru walikuwa wamekaa pamoja.

Kuanza kuchora

Tingatinga alianza kuchora picha za kuuza mnamo mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36 hivi. Wakati huo katika mitaa ya Dar es Salaam ziliuzwa picha za wachoraji kutoka Kongo, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni. Vinyago vya Wamakonde vilikuwa na soko kubwa zaidi. Ilikuwa wazi kwamba mtu asiye na elimu ya juu angeweza kupata kipato kwa kazi ya mikono, mradi awe na kitu cha kuonyesha.

Vifaa vya wachoraji waliosoma, kama kitambaa maalumu na rangi za kopo dogo kutoka Ulaya, vilikuwa ghali. Tingatinga alitumia vitu vilivyopatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi: ubao mwembamba wa kupigia dari, uliokatwa vipande vya mraba vya sentimita 60 hivi kila upande, na rangi ya mafuta inayong'aa ambayo watu waliitumia kupaka baiskeli.

Vifaa hivyo viliamua sura ya picha zake. Rangi ya baiskeli hukauka polepole, na si rahisi kuichanganya juu ya ubao ili kupata kivuli au mabadiliko ya taratibu kutoka rangi moja hadi nyingine. Kwa hiyo mchoraji alipaka kwanza ubao wote kwa rangi moja au mbili, akasubiri ikauke, kisha akachora umbo la mnyama na kulijaza rangi iliyokolea. Mwisho aliweka madoa, mistari na macho. Kila tabaka lilisubiri lililotangulia. Matokeo yake ni picha bila kivuli na bila umbali, yenye rangi zinazogongana waziwazi.

Mara nyingi picha ya Tingatinga ina mnyama mmoja tu aliyejaa ubao wote, au ndege wawili watatu pamoja na mti. Mnyama huonekana kwa ubavu huku jicho lake kubwa likimtazama mtu anayeangalia picha. Chui anaweza kuwa na mwili mrefu kuliko kawaida na madoa yaliyopangwa kama nakshi. Wanyama hao hawakuchorwa kama mpiga picha anavyowaona mbugani. Wako karibu zaidi na wanyama wa hadithi au wa ndoto. Kona moja ya ubao huwa na sahihi yake, E. S. Tingatinga, kwa herufi kubwa.

Kuuza picha

Mahali picha hizo zilipojulikana ni Morogoro Stores, duka la vyakula huko Oysterbay, jirani na Msasani. Wageni waliokuwa wakiishi Dar es Salaam, wakiwemo wafanyakazi wa balozi na wataalamu wa miradi ya misaada, walikuwa wakifanya manunuzi hapo. Picha zilipangwa nje, chini ya mti, na mke wake, Agatha Mataka, ndiye aliyezisimamia na kuziuza wakati mumewe akiwa kazini.

Wateja waliongezeka haraka. Shirika la umma lililoshughulikia biashara ya sanaa lilianza kununua kazi zake, na katika mwaka wa mwisho wa maisha yake aliweza kutegemea uchoraji kama kazi yake kuu. Kwa mtu aliyeanza na ubao wa dari na makopo ya rangi ya baiskeli, hayo yalikuwa mafanikio makubwa katika muda mfupi.

Wanafunzi wake

Maombi ya picha yalipozidi nguvu za mtu mmoja, Tingatinga aliwaita vijana wa karibu naye wajifunze. Wengi wao walikuwa ndugu zake au ndugu wa mke wake. Miongoni mwa wanafunzi hao wa kwanza walikuwemo Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Casper Tedo, January Linda na Simon Mpata. Omari Amonde naye huhesabiwa katika kundi la mwanzo.

Mafunzo yalifanyika nyumbani, si darasani. Mwanafunzi alianza kwa kukata na kuandaa mbao, akapaka rangi ya chini, kisha akajaza maumbo yaliyokwisha kuchorwa. Aliyeweza alichora picha yake mwenyewe. Ndivyo mafundi wengi wa Tanzania, kama maseremala na washonaji, walivyojifunza kazi zao. Utaratibu huo ndio ulioufanya mtindo usife pamoja na mwanzilishi wake.

Kifo

Tingatinga alifariki mwaka 1972 jijini Dar es Salaam. Alikuwa katika gari wakati polisi walipolifukuza wakidhani limebeba wahalifu, nao wakafyatua risasi. Tingatinga alipigwa risasi na kufa. Hakuwa mhalifu waliyekuwa wakimtafuta. Alikuwa na umri wa miaka 40, na aliacha mjane na watoto wadogo wawili.

Baada ya kifo chake

Wanafunzi wake waliendelea kuchora na kuuza mahali palepale Oysterbay. Mwaka 1977 waliunda ushirika wao wa kwanza kwa jina la mwalimu wao, na mwaka 1990 ukaanzishwa chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga, ambacho karakana na maduka yake yako karibu na Morogoro Stores. Wachoraji wengi wa chama hicho, au wazazi wao, walitoka Tunduru na wilaya jirani za Kusini.

Simon Mpata alihamia Nairobi, Kenya, akapata umaarufu hasa miongoni mwa Wajapani. Hoteli ya Mpata Safari Club katika eneo la Maasai Mara imepewa jina lake. Mohamed Charinda, mzaliwa wa Tunduru, alipanua mtindo kwa kuchora ngano, historia na mashetani. George Lilanga, aliyekuwa mchongaji wa vinyago kabla ya kuwa mchoraji, alichukua rangi ya mafuta na ubao wa Tingatinga akavitumia kwa mashetani wake wenye masikio makubwa.

Mtindo wenyewe ulibadilika. Picha za mwanzo zilikuwa na nafasi tupu, lakini za baadaye zilijaa wanyama, watu, masoko na mlima Kilimanjaro. Wachoraji walianza kutumia kitambaa kilichowambwa juu ya fremu, kwa sababu mtalii anaweza kukikunja na kukitia katika sanduku la safari. Picha zilihamia kwenye sinia, viti, milango na kuta za hoteli. Mwaka 2010 filamu za katuni za watoto ziitwazo Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kutazamwa katika nchi nyingi, ziliwapa wanyama hao sauti na mwendo.

Mjadala kuhusu asili ya mtindo

Wataalamu wametofautiana kuhusu chanzo cha mtindo huu. Baadhi yao wanaona kwamba ulizaliwa mjini kwa sababu ya soko la wageni na kwa mfano wa picha za Kongo, na hivyo si sanaa ya jadi. Wengine wanakumbusha kwamba Kusini mwa Tanzania watu walikuwa wakichora wanyama na watu kwenye kuta za nyumba za udongo kabla ya Tingatinga kuzaliwa. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyepita maeneo ya Masasi na Newala mwaka 1906, alikusanya michoro ya wenyeji na kuichapisha.

Maoni hayo mawili hayapingani kabisa. Soko lilikuwa la mjini na ubao ulitoka dukani, lakini mkono uliochora ulikuwa wa mtu aliyekulia katika kijiji ambako ukuta wa nyumba ulihesabiwa kuwa mahali pa kuchorea.

Urithi

Kwa kuwa Tingatinga alichora kwa miaka michache, picha za mkono wake mwenyewe ni chache, na nyingi ziko nje ya Tanzania kwa sababu waliozinunua walikuwa wageni waliorudi kwao. Bei yake katika minada ya kimataifa imepanda, na pamoja nayo zimetokea picha za kughushi zenye sahihi yake. Kwa sababu hiyo watafiti huangalia kwa makini aina ya ubao, umri wa rangi na namna madoa yalivyowekwa kabla ya kukubali kwamba kazi fulani ni yake.

Katika Tanzania yenyewe mamia ya watu wanaishi kwa kazi inayoitwa Tingatinga, kuanzia Dar es Salaam hadi Arusha na Zanzibar. Vifaa vya msingi havijabadilika sana: rangi ya mafuta inayong'aa, brashi, na subira ya kungoja tabaka moja likauke kabla ya jingine.