Apa Pant, mjumbe wa India aliyewatia Waingereza wasiwasi

Kwa wazee wengi wa Longisa, Mhindi alikuwa mwenye duka: mtu wa kupima sukari, kukata kitambaa na kuandika deni daftarini. Kwamba nyuma ya duka hilo lilikuwako taifa lenye msimamo wake kuhusu ukoloni ni jambo lililodhihirika Apa Pant alipotua Nairobi mwaka wa 1948.

Pant alizaliwa mwaka wa 1912, mwana wa mtawala wa Aundh, milki ndogo ya magharibi mwa India. Alisomea Oxford, kisha akarejea kusaidia madaraka ya baba yake yakabidhiwe mabaraza ya vijiji, kwa ushauri wa Mahatma Gandhi. Mtu wa malezi hayo asingeivumilia kwa urahisi Kenya ya walowezi.

Jawaharlal Nehru alimtuma awe Kamishna wa kwanza wa India huru katika Afrika Mashariki. Wahindi wengi walitaraji awapiganie wao: viti zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria, na haki ya kumiliki ardhi katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, mashamba ya chai ya Kericho yakiwamo. Maagizo ya Nehru yalikuwa mengine. Maslahi ya Waafrika yatangulie, na Wahindi washikamane nao. Si kila mfanyabiashara aliyependezwa.

Pant alifanya urafiki na Jomo Kenyatta na Mbiyu Koinange. Serikali yake iliwapa vijana wa Kiafrika nafasi za masomo India, wakati Kenya haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Alihimiza pia kuanzishwa kwa chuo cha kumkumbuka Gandhi. Mpango huo uliunganishwa na Royal Technical College, iliyopokea wanafunzi mwaka wa 1956 na kuwa chimbuko la Chuo Kikuu cha Nairobi.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Waingereza walimshuku kuwa anawaunga mkono Mau Mau. Huko Kapenguria, mbunge wa India, Diwan Chaman Lall, alikuwa miongoni mwa mawakili wa Kenyatta. London ikalalamika, na mwaka wa 1954 Pant akaondoka. Alifariki mwaka wa 1992.

Baada ya uhuru, sheria ya leseni za biashara ya mwaka wa 1967 iliwabana wasio raia, na maelfu ya Wahindi wakahamia Uingereza. Pant alipofika London mwaka wa 1969 kuwa Balozi wa India, baadhi ya wenye maduka wa Kenya walikuwa wamemtangulia huko.