Mary Lou Williams: Karama Iliyorudishwa kwa Mwenyewe

Wapo wanaodhani kwamba anayemrudia Mungu hana budi kuviacha vipaji alivyovitumia duniani. Maisha ya Mary Lou Williams, mpiga piano na mtunzi wa muziki wa jazi nchini Marekani, yanatufundisha vingine.

Alizaliwa Atlanta mwaka 1910, akakulia Pittsburgh, na tangu utotoni alipiga piano majumbani mwa watu ili kuisaidia familia yake. Katika ujana wake alijiunga na bendi ya Andy Kirk huko Kansas City, akawa mpiga piano na mpangaji wake wa muziki, katika zama ambazo mwanamke mweusi hakutarajiwa kushika nafasi hiyo. Mwaka 1945 alitunga Zodiac Suite, kazi yenye sehemu 12 iliyounganisha jazi na muziki wa kiklasiki. Mwaka uliofuata baadhi ya sehemu zake zilipigwa na okestra katika ukumbi wa Carnegie, New York.

Hata hivyo, sifa hazikumpa amani. Mwaka 1954, akiwa Paris, aliliacha jukwaa. Aliporejea New York alisali kwa saa nyingi katika kanisa la Bikira Maria wa Lourdes, Harlem, na nyumbani kwake aliwapokea wanamuziki waliofungwa na dawa za kulevya, akiwalisha na kuwaombea. Mwaka 1957 alipokea Sakramenti ya Ubatizo pamoja na Lorraine, mke wa mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie.

Swali zito lilibaki: je, muziki wa vilabuni waweza kukaa pamoja na sala? Yeye alikuwa tayari kuuacha kabisa. Padre Anthony Woods, wa Shirika la Yesu, alikuwa miongoni mwa waliomshauri asiifukie karama yake, bali aitoe kwa Mungu kwa ajili ya wenzake. Mwaka huohuo alipanda tena jukwaani katika tamasha la Newport. Kisha akaanzisha mfuko wa Bel Canto wa kuwasaidia wanamuziki wenye shida, akafungua na duka la mitumba ili kuugharimia.

Mwaka 1962, Martin de Porres alipotangazwa mtakatifu, Mary Lou alimtungia wimbo wa kwaya. Baadaye alitunga Misa tatu. Ya mwisho iliimbwa mwaka 1975 katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Tangu mwaka 1977 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Duke, hadi alipofariki dunia tarehe 28 Mei 1981.

Nasi tunaoimba kwaya, tunaopiga ngoma na vinanda parokiani, tujiulize: tulichojaliwa tumekifukia kwa hofu, au tumekirudisha kwa Mwenyewe kikiwa kimewafaa maskini?