Paul Bomani na mizani ya pamba: maisha yenye "kama" nyingi

Kila Pamba Jiji inapocheza CCM Kirumba, simu za kipindi chetu cha michezo huanza kuita kabla mwamuzi hajapuliza filimbi ya mwisho. Katika simu hizo kuna neno moja ambalo halikosekani: kama. Kama timu isingeshuka daraja mwaka 2001. Kama vijana wake wasingechukuliwa na klabu za Dar es Salaam. Kama wenye fedha wa Mwanza wangeikumbuka mapema, isingekaa nje ya Ligi Kuu miaka 23 hadi ilipopanda mwaka 2024.

Mwanza inalijua neno hilo tangu zamani. Tarehe 10 Agosti 1974, Yanga na Simba zilikutana hapa hapa Uwanja wa Nyamagana kutafuta bingwa wa taifa. Simba ilitangulia kwa bao la Adam Sabu na ilikuwa imebakiza dakika chache tu kuchukua kombe, Gibson Sembuli akasawazisha. Katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili, Yanga ikashinda 2-1. Waliokuwepo uwanjani siku ile bado wanabishana hadi leo: kama Simba ingezilinda zile dakika za mwisho, ingekuwaje?

Leo tunaomba ndugu wasikilizaji na wasomaji wetu turudi nyuma zaidi. Kabla Pamba haijawa timu, pamba ilikuwa zao, na kabla zao hilo halijawa na nguvu ya kubeba jina la klabu, kulikuwa na ugomvi wa mizani. Aliyesimama katikati ya ugomvi huo ni Paul Bomani. Hakuwa mchezaji wala kocha, na hatumpi sifa ya kuanzisha klabu. Lakini ukiyafuata maisha yake utaona kwa nini mji huu ulifika mahali pa kuita timu yake kwa jina la zao la mkulima.

Bomani alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Waadventista wa Sabato. Alisoma Ikizu, na mwaka 1945 akapata kazi ya ukarani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui. Kwa kijana wa Kanda ya Ziwa wakati ule, hiyo ilikuwa kazi ya heshima, yenye mshahara wa uhakika. Wengi wangeng'ang'ania hapo hadi uzee.

Hii ndiyo "kama" ya kwanza. Mwaka 1947 aliondoka Mwadui, akaja Mwanza kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Alikuwa na miaka 22. Kama angebaki mgodini, huenda tusingekuwa na sababu ya kuandika makala haya.

Mwanza aliyoikuta ilikuwa inaishi kwa pamba. Mkulima wa Usukuma alilima, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo kwenda kwa mnunuzi, na pale kwenye mizani ndipo jasho lake la mwaka mzima lilipopewa thamani. Ununuzi na viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa karibu vyote mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia. Wakulima walilalamika kwamba mizani inawapunja: mzigo uliopimwa nyumbani ukawa na uzito huu, ukifika kwa mnunuzi unakuwa mwepesi. Mkulima asiyejua kusoma namba angebishana vipi na mshale wa mizani?

Bomani na wenzake hawakuanza kwa kudai wafanyabiashara wafukuzwe. Walianza na jambo dogo: kuwa na mpimaji wao wenyewe pale penye mizani, mtu anayesoma uzito kwa niaba ya mkulima. Kazi ya mtu huyo ilimfundisha mkulima kwamba anaweza kukagua. Na mtu akishajua kukagua mizani, siku inayofuata atataka kukagua bei, na baadaye serikali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bomani alizunguka vijiji vya kanda hii akihimiza wakulima waunde vyama. Kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, kisha vyama vya msingi vikaanza kuandikishwa kisheria. Mwaka 1953 alikwenda Uingereza kusomea mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough. Aliporudi alikuta kazi imepanuka, na mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyojulikana kwa herufi VFCU. Bomani, akiwa na miaka 30, akawa meneja mkuu.

Kwa nini serikali ya kikoloni ilikubali? Waingereza waliona ni afadhali wakulima wawe kwenye chama chenye vitabu vya hesabu na mkaguzi wa serikali kuliko wawe kwenye siasa. Lakini hesabu hiyo ilikuwa na upande wa pili. Tangu mwishoni mwa mwaka 1954 hadi 1958 TANU ilizuiwa kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa. Mlango wa siasa ulipofungwa, watu waliingia kwa mlango wa ushirika. Mikutano ya pamba ikawa mahali pa kuzungumza mambo yote. Bomani mwenyewe aliwahi kuongoza Tanganyika African Association katika eneo hili kabla ya TANU, na katika miaka hiyo hiyo aliingia Baraza la Kutunga Sheria.

Kama TANU ingeruhusiwa tangu mwanzo, huenda nguvu za vijana wa Mwanza zingekwenda kwenye chama cha siasa na ushirika ungebaki mdogo. Marufuku ile, iliyokusudiwa kuwanyamazisha watu, iliwafanya wajenge taasisi ya uchumi yenye mizizi kila kijiji.

VFCU ilikua haraka. Ilianza na kununua, kisha ikaingia kwenye kuchambua pamba kwa kiwanda chake cha kwanza kule Kasamwa, upande wa Geita. Kufikia mwaka 1960 ushirika ulikuwa umeshika ununuzi wa pamba ya kanda hii, na ulihesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Katika muda usiozidi miaka 10, mkulima aliyekuwa akipunjwa kwenye mizani alikuwa mwanachama wa chombo chenye mizani, maghala na viwanda.

Siasa ikamvuta Bomani Dar es Salaam. Mwaka 1960 aliingia kwenye baraza la mawaziri la Mwalimu Julius Nyerere, akapewa kilimo. Mwaka 1962, akiwa na miaka 37, akawa Waziri wa Fedha. Kwa watu wa Mwanza ilikuwa fahari: kijana wa mizani ya pamba sasa anashika mizani ya nchi nzima.

Lakini kuondoka kwake kuliacha pengo, na hapa ndipo penye somo chungu. Chama kilipokuwa kikubwa, mkulima alianza kukiona kikiwa mbali. Makato yaliongezeka na watumishi wakawa wengi. Malalamiko yaliyokuwa yakimwelekea mnunuzi binafsi yakaanza kuuelekea ushirika wenyewe: uzito, malipo, matumizi mabaya ya fedha.

Uchaguzi wa mwaka 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU wakishindana kwa alama za jembe na nyumba. Bomani, Waziri wa Fedha, mwasisi wa ushirika wa pamba, alishindwa kwenye jimbo lake la Mwanza. Habari ilishangaza nchi. Zinaweza kutajwa sababu nyingi, ila moja haikwepeki: wapiga kura wale wale aliowafundisha kukagua mizani walimweka yeye juu yake.

Kama angeshinda, pengine angekuwa na nguvu ya kuutetea ushirika katika miaka iliyofuata. Au pengine asingejua jinsi wakulima walivyochoka. Alirudi serikalini kwa njia nyingine na kupewa uwaziri wa mipango ya uchumi, lakini mambo ya nyumbani yalikuwa yakibadilika. Mwaka 1966 tume ya serikali ilichunguza vyama vya ushirika nchini na kukuta udhaifu mwingi wa uendeshaji. VFCU ikawekwa chini ya uangalizi wa serikali, na nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza. Kuanzia mwaka 1972 Bomani alikuwa balozi wetu Marekani, na alikuwa huko mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima na kukabidhi mazao kwa mamlaka za umma. Pamba ikapata mamlaka yake.

Hapa ndipo njia ya zao na ya mpira zinapokutana. Zama zile klabu nyingi za mikoani zilisimama juu ya mgongo wa taasisi: Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, RTC ya Kagera. Mchezaji alikuwa na ajira, mazoezi na posho. Mwanza taasisi yenye nguvu ilikuwa ya pamba, na timu yake ikabeba jina hilo, TP Lindanda, wana Kawekamo. Ilikuwa timu ya kuogopwa. Mwaka 1990, katika Kombe la Washindi barani Afrika, iliifunga Anse Boileau ya Shelisheli mabao 12-1 katika mchezo mmoja. Vijana wake wengi wakaenda kuvaa jezi za Simba, Yanga na timu ya taifa.

Kisha katikati ya miaka ya 1990 soko la pamba likafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakarudi, Nyanza, iliyokuwa imefufuliwa miaka ya 1980, ikalemewa na madeni, na viwanda kadhaa vikanyamaza. Timu iliyokuwa imeegemea zao ikakosa pa kuegemea. Mwaka 2001 ikashuka daraja. Hatusemi kwamba bei ya pamba ndiyo iliyofungwa mabao uwanjani. Kulikuwa na makosa ya uongozi na ya mpira pia. Lakini klabu isiyo na kipato chake haiwezi kumzuia mchezaji mzuri asiondoke.

Bomani aliyaona yote hayo akiwa mtu mzima. Alirejea kutoka Marekani mwaka 1983, akaendelea kushika nyadhifa za umma, na alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 80. Wakati huo Pamba ilikuwa imekwisha kutoka Ligi Kuu.

Leo klabu imerudi ikiwa mikononi mwa Halmashauri ya Jiji, na jina lake sasa ni Pamba Jiji. Ni jambo la kushukuru. Lakini maisha ya Bomani yanatuachia swali ambalo wapiga simu wetu hawaliulizi mara nyingi. Tunauliza kama tungemsajili fulani, kama kocha asingeondoka. Hatuulizi nani anasoma mizani ya klabu: nani anaona mapato ya mlangoni, nani anajua mkataba wa mdhamini unasema nini, na mwanachama wa kawaida ana nafasi gani ya kuhoji.

Ushirika wa pamba ulipata nguvu siku mkulima alipoweka mtu wake kando ya mnunuzi. Ulidhoofika siku mkulima alipoacha kuiona mizani, ingawa ilikuwa imeandikwa jina lake. Klabu iliyobeba jina la zao hilo inaweza kufuata njia yoyote kati ya hizo mbili. Kwa hiyo, wasikilizaji wetu, mtakapopiga simu baada ya mchezo ujao wa Kirumba, tuzungumze mabao na kadi kama kawaida yetu. Halafu tubakize dakika chache za kuulizana kuhusu vitabu vya hesabu.