Giordano Bruno: Mtu Aliyesema Ulimwengu Hauna Mwisho

Watoto wapendwa, mkitazama nyota usiku hapa DeSoto, mkumbukeni Giordano Bruno. Alizaliwa Nola, Italia, mwaka 1548, akawa mtawa. Zama hizo wengi waliamini kwamba ulimwengu unaishia kwenye nyota. Mwaka 1584, akiishi London, alitoa kitabu kilichosema ulimwengu hauna mwisho, na kila nyota ni jua lenye dunia zake. Alikamatwa Venice mwaka 1592. Wakuu wa Kanisa walimtaka ayakane mafundisho yake, ya dini na ya dunia nyingi. Alikataa. Tarehe 17 Februari 1600 alichomwa moto Roma. Leo tunajua nyota nyingine zina sayari kweli. Lakini mwisho wa ulimwengu bado haujulikani. Wazazi, watoto wakiuliza, msiwanyamazishe.