Jan Tschichold na Vita vya Herufi

Msomaji ashikapo gazeti asubuhi, macho yake hukimbilia habari. Ni nadra kumkumbuka aliyeamua herufi ziwe na umbo gani na nafasi tupu iachwe wapi. Mmoja wa waamuzi hao alikuwa Jan Tschichold, aliyezaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1902, mwana wa mwandika vibao vya maduka.

Alianza kwa kalamu, akijifunza hati za kale. Sisi tuliopita chuoni, tukachapwa kwa ajili ya nukta moja, twajua kuwa mafunzo ya namna hiyo hayamtoki mtu. Hata hivyo, baada ya kuona maonyesho ya shule ya Bauhaus mjini Weimar mwaka 1923, aliyakataa mapambo yote. Kitabu chake cha mwaka 1928 kiliwataka wachapaji watumie herufi nyofu zisizo na vijimkia, na waache kupanga maneno katikati ya ukurasa.

Machi 1933 Wanazi walimtia kizuizini, kwani walinusa ukomunisti katika kazi zake. Alipofunguliwa baada ya majuma kadhaa, alikimbilia Basel, Uswisi, na mkewe na mtoto wao.

Huko Waswisi waliyashika mafundisho yake wakayakuza: ukurasa uliogawanywa kwa miraba isiyoonekana, herufi chache, weupe mwingi. Yeye, kumbe, alikuwa ameanza kurudia mizani ya kale ya vitabu. Mwaka 1946 Max Bill, msanii wa Zurich, alimshutumu hadharani kwa kuiasi njia. Tschichold alijibu kwamba ukali wa amri zake za ujanani ulifanana mno na ule wa watawala waliomfunga.

Kwa maoni yetu jibu hilo lilipita kiasi, maana herufi nyofu haikumfunga mtu. Tena miraba ni chombo kizuri. Ratiba ya treni haihitaji maua. Lakini riwaya ya kurasa mia tatu si ratiba, na kumwita msaliti mtu aliyeyapima upya maneno yake mwenyewe ni pupa.

Kuanzia 1947 hadi 1949 alikuwa Uingereza katika kampuni ya Penguin, akinyoosha kurasa za vitabu vya bei nafuu kwa kanuni zilizojaa karatasi chache tu. Mwaka 1967 ilitoka herufi yake Sabon, yenye vijimkia, iliyotokana na kazi ya Garamond, Mfaransa wa karne ya 16. Alifariki Locarno mwaka 1974, wachapaji wa Zurich wangali wakipanga kwa njia aliyokuwa ameiacha.