Umaarufu wa Lettow-Vorbeck ulibebwa na wapagazi

Wanafunzi wetu wanapofunzwa Vita Vikuu vya Kwanza, aghalabu somo huanzia mjini Sarajevo, Juni 28, 1914, siku aliyouawa Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria. Hutajiwa miungano ya kijeshi ya mataifa ya Ulaya, mashindano ya kuunda manowari na uchu wa makoloni. Kisha somo huruka hadi Mkataba wa Versailles wa 1919. Vita vilivyopiganwa Taveta, Tanga na kando ya mto Ruvuma huachiwa aya moja, na katika aya hiyo hutajwa mtu mmoja: Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda Mjerumani ambaye hakushindwa.

Mimi ni mwanaisimu, wala sidai kuwa mwanahistoria. Hata hivyo, naona maisha ya mtu huyu yanastahili kusimuliwa upya, kwa kuwa namna tunavyoyasimulia huonyesha ni nani tunaowahesabu tunapohesabu hasara ya vita.

Lettow-Vorbeck alizaliwa Machi 20, 1870, mjini Saarlouis, katika ukoo wa wanajeshi wa Prusia. Mnamo 1900 alipelekwa Uchina miongoni mwa majeshi ya kigeni yaliyokwenda kuzima uasi wa Maboksa. Mwaka wa 1904 alipelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi, nchi iitwayo Namibia hivi leo, akawa afisa katika makao ya Jenerali Lothar von Trotha. Huko Wajerumani waliwaangamiza Waherero na Wanama kwa makumi ya maelfu. Yeye mwenyewe alijeruhiwa jicho. Ni dhahiri basi kwamba hakuja Afrika Mashariki akiwa mgeni wa vita vya kikoloni.

Aliwasili Dar es Salaam Januari 1914 kuwa mkuu wa majeshi ya koloni hilo. Katika meli iliyomleta alikuwamo pia Karen Blixen, mwandishi ambaye mtaa mmoja wa Nairobi unafahamika kwa jina la Karen. Wawili hao walifanya urafiki safarini, na vita vilipozuka baadhi ya Waingereza wa Kenya walimshuku bibi huyo kuwa mpenzi wa Wajerumani.

Vita vilipotangazwa, haikuwa lazima moto wa Ulaya ufike huku. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umetoa nafasi kwa makoloni ya sehemu hii ya Afrika kutoegemea upande wowote. Gavana Mjerumani, Heinrich Schnee, alitaka koloni lake liepushwe na vita, maana Majimaji ya 1905 hadi 1907 yalikuwa hayajasahaulika. Waingereza walipiga mizinga Dar es Salaam mapema mwezi Agosti, na Lettow-Vorbeck hakukubaliana na gavana wake. Alijua kuwa Ujerumani haingeshinda vita barani Afrika. Hoja yake ilikuwa kwamba kila askari wa Uingereza atakayelazimika kuja kumwinda porini ni askari mmoja aliyepunguzwa kule Ufaransa. Kwa maneno mengine, ardhi hii na watu wake walikuwa chambo. Katikati ya Agosti majeshi yake yaliteka Taveta, nao wakaazi wa Taveta, ambao hawakuwa na habari ya Sarajevo, wakajikuta vitani.

Ustadi wake wa kivita haukanushiki. Mapema Novemba 1914 Waingereza waliteremsha Tanga wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India. Yeye, akiwa na watu takribani 1,000 tu, aliwatimua, na nyuki waliochokozwa na risasi wakazidisha mtafaruku. Waingereza walikimbilia melini na kuacha ufuoni bunduki na risasi tele. Manowari ya Königsberg ilipozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake iliopolewa ikaburutwa bara. Mwaka wa 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alimsukuma kutoka Kilimanjaro hadi kusini mwa reli ya kati, huku Wabelgiji wakiingia Tabora kutoka Kongo. Novemba 1917 alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji ya Wareno. Mwaka uliofuata alirejea Tanganyika, kisha akaingia Rhodesia ya Kaskazini. Alikuwa huko alipopata habari kwamba vita vimekwisha Ulaya, akasalimisha silaha mjini Abercorn, yaani Mbala ya leo, Novemba 25, 1918. Walisalimu amri pamoja naye Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168. Majeshi yaliyomwandama katika miaka hiyo minne yalizidi watu laki moja.

Hapo ndipo masimulizi mengi hukomea, na hapo ndipo swali langu huanzia. Jeshi linalotembea miaka minne hula nini? Na mizigo yake huenda kwa miguu ya nani?

Nchi ile ilikuwa na mbung'o waliowaua farasi na ng'ombe, na barabara za magari zilikuwa chache. Kila kisanduku cha risasi na kila gunia la unga lilikwenda kichwani mwa mtu. Inakadiriwa kuwa upande wa Waingereza peke yao ulitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Kongo na kwingineko. Kenya ilipata pigo kubwa mwaka wa 1917, wanaume walipokusanywa kwa nguvu vijijini chini ya uongozi wa John Ainsworth. Walilishwa unga usioiva barabara, wakaugua kuhara, malaria na kichomi. Serikali ya Uingereza ilikiri vifo vya zaidi ya wapagazi 40,000 waliosajiliwa katika kikosi cha huku kwetu, na wataalamu wengi hukadiria jumla ya waliokufa upande huo kuwa karibu laki moja. Wapagazi wa Lettow-Vorbeck hawana hata hesabu ya kubahatisha inayoaminika, kwani wengi walikamatwa njiani, wakatumikishwa, na hawakuandikwa popote.

Fauka ya hayo, majeshi yote mawili yalijilisha kwa kupora. Vyakula vya Wagogo vilichukuliwa na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, kisha na Waingereza waliowafuata. Mvua ikakosekana, na njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ikaua maelfu. Mwishoni mwa 1918 homa ya mafua iliyoenea duniani iliwakuta watu waliokwisha kudhoofika.

Mwenyewe Lettow-Vorbeck alirudi Berlin mwaka wa 1919, akapokewa kwa gwaride la shujaa. Mwaka wa 1920 alijihusisha na jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya jamhuri, akapoteza cheo jeshini. Baadaye alikuwa mbunge kwa muda mfupi kuanzia 1928. Vitabu alivyoandika vilisomwa sana, na picha waliyopata Wajerumani ni ya kamanda mwema na askari watiifu waliompenda. Alifariki Hamburg Machi 9, 1964, akiwa na umri wa miaka 93. Mwaka huo huo bunge la Ujerumani Magharibi liliamua askari wake waliokuwa hai walipwe malimbikizo ya mishahara yao. Lilikuwa jambo la haki, ingawa lilichelewa. Lakini uamuzi huo uliwahusu askari, mpagazi hakuwamo. Upande wa Waingereza nao, ujira wa maelfu ya wapagazi waliokufa bila jamaa zao kupatikana haukulipwa, licha ya mjadala wa miaka mingi baina ya Nairobi na London.

Matokeo ya vita hivyo hapa Kenya tunayajua, ila mara nyingi hatuyaunganishi na chanzo chake. Mnamo 1919 Serikali iliwagawia Wazungu waliopigana mashamba katika nyanda za juu, na Mwafrika aliyebeba mizigo yao akapata kipande cha kuning'inizwa shingoni. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na kutekelezwa baada ya vita, nayo ni mojawapo ya mambo yaliyomfanya Harry Thuku kuinua sauti hadi akakamatwa mwaka wa 1922. Hata Kiswahili sanifu kina deni katika historia hiyo. Tanganyika ilipowekwa chini ya Uingereza, nchi nne za eneo hili zilikuwa mikononi mwa mtawala mmoja, na hilo likarahisisha kuteuliwa kwa Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu mwaka wa 1928 na kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka wa 1930.

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii tunaitumia mno, lakini nahofia kwamba katika kuisema tumezoea kuzitazama nyasi kana kwamba hazina majina. Lugha imekuwa na uaminifu kuliko mitaala. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na vinywa vya watu vikalifanya jina hilo kuwa Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, mahali zilipokuwa kambi zao. Maelfu ya watu hununua vyondo na nguo Kariokor kila wiki, na ni wachache wajuao kwamba jina hilo ndilo kaburi la babu zao.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Mtakapofika kwenye aya ile inayomtaja Lettow-Vorbeck, msiifute, maana mtu huyo aliishi na alitenda makubwa. Waulizeni tu wanafunzi wenu ni nani aliyebeba mizinga yake na ya adui zake, alikula nini na alilipwa na nani. Kisha watumeni nyumbani wakaulize iwapo katika ukoo wao yumo aliyekwenda Kariokor na hakurudi.