H. G. Wells: aliyelitaja bomu la atomiki kabla halijaundwa

Herbert George Wells alizaliwa mwaka 1866 mjini Bromley, karibu na London, kwa wazazi waliokuwa na duka dogo lisilo na faida. Mwaka 1874 alivunjika mguu, na alipokuwa amelazwa ndipo alipovizoea vitabu. Baadaye mama yake alimpeleka kujifunza kazi katika duka la vitambaa. Kijana huyo aliichukia kazi hiyo, akaiacha mwaka 1883, na mwaka uliofuata alikuwa London akisomeshwa biolojia na Thomas Huxley.

Riwaya yake kuhusu mashine ya kusafiria katika wakati ilitoka mwaka 1895. Mwaka 1898 aliwateremsha wavamizi wa Mars nchini Uingereza, ili Waingereza wayaonje, japo hadithini tu, masaibu waliyowafikishia wenyeji wa Tasmania. Si kila msomaji aliyeuona mshale huo.

Lakini kitabu kizito zaidi kwa matokeo yake ni kile cha mwaka 1914, kilichosimulia vita vya mabomu ya atomiki. Mwanafizikia Leo Szilard alikisoma mwaka 1932. Mwaka mmoja baadaye akapata wazo la mmenyuko wa nyuklia unaojiendeleza wenyewe.

Hiroshima iliteketezwa tarehe 6 Agosti 1945. Wells, mzee na mgonjwa, alikuwa bado hai. Alifariki dunia London tarehe 13 Agosti 1946.